Je, Nirudie Mtihani wa Kuingia Masomo ya Sheria?

Muhula uliopita wanafunzi wenzangu watano, kila mmoja kwa wakati wake, walinijia bwenini na swali lile lile: "Wewe uliyeanguka mtihani wa sheria, je, utaurudia?" Mwanzoni nilikasirika, kwa maana hakuna mtu apendaye kukumbushwa kuanguka kwake. Baadaye nikaona kwamba hawakuja kunicheka. Mmoja alikuwa na dada aliyeshindwa kama mimi, mwingine alikuwa na binamu ng'ambo ya mpaka, na waliobaki walitaka kusoma sheria wenyewe na walikuwa na hofu. Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliposikia habari hiyo akaniambia, "Badala ya kumjibu mmoja mmoja, andika, wote wasome." Basi nimeandika.

Mimi ni mzaliwa wa Lunyo, kusini mwa Busia, si mbali na Majanji ambako watu wetu huvua samaki katika Ziwa Victoria. Umri wangu ni miaka kumi na tisa. Nilianza kutamani sheria nikiwa mdogo, kwa sababu ya karatasi moja. Mjomba wangu aliuza kipande kimoja cha shamba ili apate fedha za matibabu. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza naye akatia dole gumba, kwa kuwa alimwamini mnunuzi. Miezi michache baadaye ilisomwa mbele ya wazee, ikaonekana kwamba kilichoandikwa ni vipande viwili. Pale barazani hapakuwa na mtu wa kwetu aliyejua la kusema. Mjomba alinitazama mimi, mtoto wa darasa la sita, kana kwamba kwa kuwa nasoma shule nitaweza kumsaidia. Sikuweza. Tangu siku hiyo nimetaka kuwa mtu awezaye.

Mwaka jana, baada ya kupata matokeo yangu ya kidato cha sita, niliomba kusoma sheria katika chuo kikuu kimoja ambacho huwapa waombaji mtihani wake wenyewe. Alama ya kupita ilikuwa 50 katika 100. Mimi nilipata 44. Nyanya yangu alikuwa ameuza mtamba ili nilipe ada ya mtihani na nauli. Niliporudi nyumbani hakuniuliza alama. Aliniuliza kama nimekula. Naona ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Kabla sijaeleza nilivyoamua, yafaa nieleze mitihani hii ni kitu gani na kwa nini ipo, maana wengi huiogopa bila kuijua.

Mitihani hii ilitoka wapi

Zamani kijana wa Uganda aliyetaka kusoma sheria hakuwa na mahali pa kuisomea hapa nyumbani. Wengi walikwenda Uingereza au India. Mwaka 1961 chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza hawakufika hata ishirini, nao walianza katika jumba la TANU, kwa maana chuo hakikuwa bado na majengo yake. Mmoja wao alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye, mwaka 1975, alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania. Vijana wa Uganda na Kenya nao walikwenda kusoma huko. Mwaka 1968 masomo ya sheria yakaanza Makerere, na mwaka 1970 kikaundwa Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho watu wote hukiita LDC. Hapo ndipo mwenye shahada ya sheria huenda kujifunza kazi yenyewe kabla ya kuwa wakili wa Mahakama Kuu.

Siku zile waombaji walikuwa wachache. Siku hizi shule ni nyingi, na wanaotaka sheria ni wengi kuliko viti. Watu wawili huja na vyeti vinavyofanana, na chuo hakijui nani kati yao ajuaye kusoma kwa makini na nani aliyekariri tu. Kwa ajili hiyo Makerere iliweka mtihani wake wa kuingia sheria mwaka 2012, na vyuo vingine vya Uganda vina mitihani ya namna hiyo. Sheria za mitihani hii hubadilika. LDC nayo iliwahi kuwa na mtihani wa kuingia, nao baadaye ukaondolewa. Kwa hiyo kila anayetaka kuomba na asome tangazo la mwaka wake mwenyewe, asitegemee maneno ya mtu aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Mtihani wenyewe hauulizi sana sheria, kwa kuwa mwombaji hajasoma sheria bado. Huwa na maswali ya kuchagua jibu na huwa na insha. Hupewa habari ndefu ukaulizwa ni jambo gani linafuata kutokana nayo na ni jambo gani halifuati. Huulizwa maana za maneno ya Kiingereza, na habari za nchi, kama vile Katiba ya mwaka 1995, na kazi za Bunge, Serikali na Mahakama. Si maswali ya ajabu. Ugumu wake ni kwamba saa haikusubiri.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti, na kuyajua hutusaidia kufikiri. Jirani zetu wa Kenya huangalia zaidi matokeo ya KCSE. Mtu ataka apate wastani wa C+, na pamoja na huo apate B kamili katika Kiingereza au Kiswahili. Wasomaji wa sehemu hii na waliangalie neno hilo "au Kiswahili": ng'ambo ya Mto Sio lugha hii tunayoiandikia hapa yaweza kumfungulia mtu mlango wa sheria. Yule binamu niliyemtaja alipata wastani wa kutosha lakini katika lugha zote mbili akapata B-. Yeye hana mtihani wa kuingia wa kurudia. Swali lake ni kama arudie KCSE.

Huko Marekani waombaji wengi wa sheria hufanya mtihani uitwao LSAT, ulioanza mwaka 1948, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Mtu huruhusiwa kuufanya mara saba tu maishani mwake, na mara tano tu ndani ya miaka mitano. Vyuo huona alama zake zote za miaka ile mitano, ingawa vingi huitazama zaidi ile iliyo juu. Uingereza wana wao uitwao LNAT, ulioanza mwaka 2004, nao ni mgumu kwa namna nyingine: mtu huufanya mara moja tu katika msimu mmoja wa kuomba. Akiharibu, hungoja msimu mwingine, na alama za msimu uliopita hazimfai tena.

Mimi najifunza jambo moja katika hayo. Wamarekani na Waingereza wote wanakubali mtu arudie, lakini hakuna anayemruhusu arudie ovyo. Kila kurudia kuna bei yake. Kama bei hiyo hawaiweki wenye mtihani, basi maisha yenyewe yanaiweka, na kwetu bei hiyo ni mtamba.

Swali la kwanza: ni mlango upi uliofungwa?

Nilipoanguka, fikira yangu ya kwanza ilikuwa kurudia mtihani upesi iwezekanavyo. Niliona haya, na mwenye haya hutaka kuifuta siku hiyo hiyo. Mwalimu wetu wa fasihi ndiye aliyenizuia. Alinipa karatasi tupu akasema, "Andika milango yote ambayo lazima uipite mpaka ukae darasani. Kisha utie alama kwenye ile iliyofungwa."

Nilidhani mlango ni mmoja. Nilipoandika nikaona ni mitatu. Wa kwanza ni vyeti: kwa Uganda mtu ataka awe na angalau masomo mawili makuu aliyofaulu katika mtihani wa UACE. Wa pili ni ule mtihani wa kuingia. Wa tatu ni fedha.

Mlango wa kwanza nilikuwa nimeupita. Nilipata C ya Historia, C ya Fasihi na D ya Jiografia. Kwa hesabu yetu A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2, na yale masomo madogo mawili huongeza moja moja. Jumla yangu ilikuwa 13 katika 20. Pointi hizo zatosha kuomba. Mlango wa pili ulifungwa kwa alama sita. Lakini nilipoufikia mlango wa tatu kalamu yangu ilisimama. Kama ningepata hata 70 katika mtihani ule, ni nani angelipa karo ya miaka minne?

Serikali hudhamini karibu wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, na nafasi nyingi huenda kwa masomo ya sayansi. Sheria ni somo linalogombaniwa sana, na wanaolipiwa huwa wale wenye pointi za juu kabisa. Upo pia mpango wa nafasi za wilaya, ambamo sisi wa Busia hushindana wenyewe kwa wenyewe, lakini hata huko 13 si kitu. Mikopo ya serikali, iliyoanza mwaka 2014, imeelekezwa zaidi kwa wanaosoma sayansi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikililia mlango wa pili, kumbe mlango wa tatu nao ulikuwa umefungwa, na ufunguo wake ulikuwa zile pointi 13 nilizodhani zinatosha.

Ndugu wasomaji, hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Mtu aliyeanguka hutazama mahali alipoangukia tu. Afadhali atazame njia yote. Kwa mwenzangu ambaye baba yake aweza kumlipia karo, mlango uliofungwa ni mmoja, ule wa mtihani, na jibu lake laweza kuwa tofauti na langu. Dada wa yule mwenzetu ni mtu wa namna hiyo: karo ipo, na alipata 48. Yeye sina neno la kumzuia, ila aseme kwanza atakachobadili.

Swali la pili: kwa nini nilianguka, na je, sababu hiyo yaweza kuondoka?

Usiku ule niliporudi nyumbani niliandika kila nilichokikumbuka kuhusu mtihani, kabla uchungu haujaugeuza ukweli. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, kwa sababu baada ya wiki mbili mtu huanza kujitungia hadithi. Hadithi yangu ingekuwa kwamba nilikuwa na bahati mbaya. Lakini karatasi ilisema mambo matatu.

Jambo la kwanza, sikulala. Kutoka Busia mpaka Kampala ni kiasi cha kilomita 200. Ili kuokoa fedha za malazi nilipanda gari la usiku, nikafika alfajiri, nikanawa uso bombani, nikaingia katika chumba cha mtihani.

Jambo la pili, sikumaliza. Niliacha maswali kumi na sita bila kuyagusa, kwa maana nilizisoma zile habari ndefu kama nisomavyo hadithi, polepole na kwa raha, na nikarudi nyuma mara kwa mara.

Jambo la tatu, sikupata kufanya zoezi hata moja la mtihani wa namna ile. Nilidhani kwamba kwa kuwa mimi ni wa kwanza katika mdahalo wa shule, basi nitashinda.

Hapo nilitaka kujifariji. Nikasema, kama ningeyajibu yale maswali kumi na sita kwa kubahatisha, ningepita. Mwalimu akaniambia tufanye hesabu. Kila swali lilikuwa na majibu manne na lilikuwa na alama moja. Anayebahatisha hupata, kwa kawaida, moja katika nne. Robo ya kumi na sita ni nne. Arobaini na nne ongeza nne ni arobaini na nane. Bado ningeanguka! Hesabu hiyo iliniuma, lakini iliniponya. Ilinionyesha kwamba sikuangushwa na bahati. Niliangushwa na usomaji wa polepole, na bahati haiponyi usomaji wa polepole.

Hata hivyo tusiache maswali matupu. Kama tangazo halisemi kwamba jibu baya hupunguza alama, basi jibu lolote ni bora kuliko nafasi tupu. Alama nne si haba kwa mtu aliyepata 46.

Sasa pimeni sababu zenu kama tulivyopima zangu. Ziko sababu zinazoondoka kwa siku moja: usingizi, njaa, homa, kuchelewa kufika, kuacha kalamu. Mtu aliyeanguka kwa hizo, naye alikuwa amejitayarisha vizuri, na arudie, tena mapema. Ziko sababu zinazohitaji miezi: kusoma polepole, Kiingereza dhaifu, kutojua habari za nchi. Mtu huyu asirudie mpaka miezi hiyo ipite naye akiwa kazini. Na iko sababu ya tatu, ngumu kuisema: kwamba mtu hapendi sheria, ila anapenda kuitwa wakili. Huyo hata akirudia mara saba kama Wamarekani, sidhani kama itamfaa.

Swali la tatu: ni kitu gani kitakachokuwa tofauti?

Watu husema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Ni kweli. Lakini mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hutengeneza koleo jingine kabla ya kurudi motoni. Hatii mkono mtupu.

Tanzania walipata fundisho kubwa la jambo hili mwaka 2022. Katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambako wenye shahada hujifunza uwakili, yalitangazwa matokeo ya wanafunzi 633. Waliofaulu masomo yote mara moja walikuwa 26 tu. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 waliondolewa. Watu wakapiga kelele sana. Wengine walilaumu shule, wengine walilaumu vyuo vikuu, wengine wanafunzi. Waziri akaunda kamati kulichunguza jambo hilo, chini ya uenyekiti wa Harrison Mwakyembe. Mimi sikuandika haya ili kuamua nani mwenye kosa. Nawataja wale 342. Kila mmoja wao alikuwa na shahada, na kila mmoja alipaswa kukaa tena mbele ya karatasi iliyomshinda. Nadhani aliyerudi na daftari lile lile na usomaji ule ule alikuwa na hofu ile ile, na aliyerudi akijua kosa lake alikuwa mtu mwingine.

Basi nilijiwekea sheria. Nilitafuta maswali ya mazoezi, mengine kwa mwalimu, mengine kwa mwanafunzi wa zamani wa shule hii aliye wakili mjini Tororo. Nikaazima saa. Kila Jumamosi ya pili nakaa peke yangu katika chumba cha maktaba, nafanya mtihani mzima, na mwalimu anasahihisha. Nilisema: sitarudia mtihani wa kweli mpaka nipate zaidi ya 55 mara tatu mfululizo, kwa saa, bila kufungua kitabu. Kwa nini 55 na si 50? Kwa sababu siku ya mtihani mtu hupoteza alama chache kwa hofu tu, na mwenye 51 nyumbani ni mwenye 47 huko.

Matokeo yangu mpaka leo ni haya: 45, 47, 46, 53, 56, 58. Ile 53 niliifanya siku ambayo saa ilisimama, kwa hiyo siihesabu. Mnaona kwamba mara tatu za kwanza sikusogea hata kidogo. Nilikaribia kuacha. Kilichonisogeza si kufanya mitihani mingi, bali ni kusoma gazeti la Kiingereza kila jioni, makala moja, kisha kuifunga na kuandika kwa sentensi mbili mwandishi alisema nini na alitoa sababu gani. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Ni ya kuchosha, lakini usomaji wangu umebadilika.

Baraza la nyumbani

Likizo iliyopita jamaa walikaa kulizungumza jambo langu. Mtihani wa mwaka huu ulikuwa karibu. Mjomba, yule wa karatasi, alisema, "Mpwa wangu, nenda upesi. Kijana akikaa sana nyumbani moto wake huzimika." Shangazi, ambaye huuza samaki mpakani na anajua hesabu kuliko sisi sote, aliuliza, "Na akipita, Januari tutalipa nini?" Kimya. Nyanya hakusema neno.

Niliomba ruhusa, nikawaonyesha karatasi yangu ya milango mitatu. Nilieleza kwamba nikifanya mtihani mwaka huu nikapita, bado sina karo, na kupita huko hakutanisaidia mwakani ikiwa chuo kitataka mtihani mpya. Lakini nikingoja, nikarudia kidato cha sita kama nifanyavyo sasa, nikapandisha pointi zangu, nitaweza kuugonga mlango wa tatu na wa pili kwa pamoja, kwa sababu udhamini wa serikali huwatazama waliofanya UACE mwaka uliotangulia. Nilisema pia hasara yake: mwaka mmoja wa umri wangu, na karo ya shule hii, ambayo mwalimu mkuu amenipunguzia kwa kufanya kazi maktabani. Na sikuficha kwamba naweza kufanya yote hayo nikakosa.

Mjomba akauliza, "Ukikosa je?" Nikamwambia ipo njia ya Diploma ya Sheria, ambayo LDC huitoa, na mtu akifanya vizuri huweza baadaye kuomba shahada kwa cheti hicho. Ipo pia njia ya watu wazima waliofikisha miaka 25, wenye mtihani wao. Njia hizo ni ndefu, lakini hazijafungwa. Na kama zote zitanishinda, nitakuwa mwalimu, na mtoto wa Lunyo hatatia dole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Hapo ndipo nyanya aliposema. Alisema, "Mjukuu wangu, mwaka jana uliniomba fedha ukiwa na haraka, nikakupa. Leo umekuja na hesabu. Sasa nimekuamini." Mjomba akacheka, na baraza likaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale watano ni hili: ndiyo, nitaurudia mtihani, lakini si mwaka huu. Nitaurudia nikiwa na pointi mpya, na alama tatu mfululizo juu ya 55, na usiku mmoja wa kulala Kampala, ambao shangazi amekwisha kuuwekea akiba katika kopo.

Lakini msilichukue jibu langu kama kanzu ya kuvaa kila mtu. Chukueni maswali. Ni mlango upi uliofungwa? Kwa nini ulifungwa, na je, sababu hiyo yaweza kuondoka? Ni kitu gani kitakachokuwa tofauti, na nitakijuaje kabla ya kulipa ada? Mwenye majibu ya maswali hayo hana haja ya kuniuliza mimi, na asiye nayo, hata nikimjibu, sitakuwa nimemsaidia.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, nina ombi. Wengi wenu mlianguka mahali fulani kabla ya kufika mlipo, lakini mkija siku ya wazee wa shule mnatusimulia ushindi tu. Yule wakili wa Tororo ndiye wa kwanza aliyeniambia kwamba naye alirudia mtihani. Nilimwuliza kama jambo hilo lilimdhuru. Akasema, "Hakimu hajaniuliza hata siku moja nilifanya mtihani mara ngapi. Huniuliza kama nimelisoma faili." Tafadhali tuambieni na hayo. Yanatufaa kuliko mnavyodhani.

Ama wewe, ndugu yangu, unayesoma haya ukiwa na karatasi ya alama mbaya sandukuni mwako, itoe uisome tena. Mimi yangu, yenye 44, nimeibandika ndani ya kifuniko cha dawati. Mwanzoni nilikuwa nikiliinua dawati nikifumba macho. Sasa nikiitazama nakumbuka tu kwamba kuna makala ya gazeti inayonisubiri jioni.